Andika Kazi Yako

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana, kinachopatikana katika duka lolote linalouza vifaa vya shule, kinachoingia mfuko wa shati na bado kikaacha nafasi ya kalamu. Nacho ni kijitabu cha mfukoni. Wengine wanakiita notibuku, wengine daftari dogo. Kiite upendavyo, mradi kesho kiwe mfukoni mwako.

Ninalotaka kukuambia ni hili. Vitu vingi tunavyovishika kazini ni vya wenyewe. Kompyuta ni ya ofisi, gari ni la tajiri, mashine ni ya kiwanda, hata sare uliyovaa utadaiwa siku ya kuondoka. Yale uliyoyaona, uliyojifunza, uliyoahidi na uliyotenda, hayo ni yako. Lakini usipoyaweka mahali yatakuponyoka, na ukiulizwa baada ya miaka mitano ulikuwa unafanya nini pale, utajibu kwa sentensi mbili. Mfanyakazi anayeandika kazi yake anaimiliki kazi hiyo, hata kama ofisi ni ya mtu mwingine.

Tuanze na kumbukumbu, maana hapo ndipo tunapojiamini kupita kiasi. Mkuu wako anakukuta kwenye korido, anakwambia mambo matatu kwa mkupuo: mpigie yule mteja wa Morogoro, angalia kama ile risiti imeingia, na Alhamisi uje mapema. Unaitikia, "Sawa, mkuu." Kabla hujafika kwenye meza yako, mwenzako amekusimamisha kwa jambo lake, simu imeita, na yale matatu yamebaki mawili. Hakuna aliyekuwa mzembe hapo. Ndivyo kichwa cha binadamu kilivyo.

Mwaka 1885 msomi wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikuwa akikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha anasubiri, halafu anajipima ni kiasi gani kimebaki. Kwa kipimo chake, saa moja tu ilitosha kumpotezea zaidi ya nusu ya alichokariri, na baada ya siku nzima karibu theluthi mbili ilikuwa imekwenda. Baada ya hapo usahaulifu ulipungua mwendo. Ni kweli kwamba maagizo ya kazi yana maana zaidi kuliko silabi zile, kwa hiyo huenda yakakaa kidogo zaidi. Hata hivyo funzo lake linatuhusu sote: hasara kubwa hutokea mapema. Anayesema "nitaandika jioni nikitulia" amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana kijitabu kinapaswa kukaa mfukoni, karibu na mkono. Kikikaa kwenye droo hakitakusaidia saa ile unayokihitaji.

Sasa nikupeleke gereji. Kuna fundi wa magari ninayemfahamu ambaye kwenye mfuko wa ovaroli yake hakosi kijitabu chenye jalada gumu, pembe zake zimeingia weusi wa oili. Aliniruhusu nisome ukurasa mmoja. Juu kulikuwa na tarehe na namba ya gari la mteja. Chini yake, kwa penseli: "Km 84,300. Oili na filta. Breki za mbele zimebaki nusu. Mlio mbele kulia akikata kona. Arudi 89,300." Halafu mstari mwingine, ameupigia alama pembeni: "Boliti ya sampo meno yameliwa. Usikaze kwa nguvu."

Ukurasa mzima ulikuwa maneno yasiyozidi thelathini. Lakini fikiria kazi inayofanywa na maneno hayo. Gari likirudi baada ya miezi, fundi hufungua kijitabu kabla hajafungua boneti. Anajua kwamba mlio ule ulikuwepo tangu mara iliyopita, kwa hiyo anakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele kulia. Kijana anayemsaidia akitaka kukaza boliti ya sampo kwa nguvu zote, anamwahi. Mteja anaona mtu anayelikumbuka gari lake kama daktari anavyomkumbuka mgonjwa, na mteja wa namna hiyo hahami gereji. Kurasa za mwisho za kijitabu hicho fundi amezitenga kwa jambo jingine: kila hitilafu iliyomsumbua kuipata, na mahali alipoikuta hatimaye. Ni mistari mifupi, lakini kila mstari umemgharimu nusu siku ya kutafuta. Kwa kuuandika, amehakikisha hatailipa gharama hiyo mara ya pili.

Hapo, msikilizaji wangu, ndipo tofauti ilipo kati ya miaka kumi ya uzoefu na mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi. Ujuzi hukua pale mtu anapoweza kuianza kazi ya leo kutoka pale alipoishia jana.

Tutoke gereji twende Kigoma, kwenye milima ya Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, maana huko kuna mfano ambao Watanzania tunapaswa kuusimulia zaidi. Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, Mwingereza wa miaka 26 ambaye hakuwa na shahada ya chuo kikuu, alishuka ufukweni kuanza kuwachunguza sokwe mtu. Vifaa vyake vikuu vilikuwa darubini na daftari. Mwezi Novemba mwaka ule ule alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka jani refu la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta limejaa mchwa, na kuwala. Akaona pia sokwe wakipukutisha majani ya kijiti ili kiwafae kwa uvuvi huo wa mchwa. Wakati huo wasomi walishikilia kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza zana. Mtu aliyeketi kimya akaandika alichokiona aliwalazimisha wafikiri upya.

Habari hiyo inajulikana dunia nzima. Ninayoitaka leo ni ile iliyofuata. Gombe walikuwepo Watanzania walioajiriwa kuwasaidia watafiti. Walikuwa wakiijua milima ile na njia zake, na polepole wakaanza kuandika wenyewe. Januari 1974 mmoja wao, Hilali Matama, alishuhudia madume wa kundi la sokwe la Kasakela wakimzingira na kumpiga vibaya dume wa kundi la Kahama aliyeitwa Godi. Ulikuwa mwanzo wa mapigano yaliyoendelea hadi 1978 na kulimaliza kundi la Kahama. Kabla ya hapo haikudhaniwa kwamba sokwe mtu wanaweza kuviziana na kuuana kwa namna ile. Ushuhuda wa Mtanzania huyo ukaingia kwenye kumbukumbu za sayansi.

Kisha ukaja mtihani mkubwa. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe. Baadaye waliachiliwa, lakini baada ya tukio hilo watafiti wa kutoka nje hawakuweza kuendelea kukaa pale kama zamani. Utafiti wa miaka 15 ungeweza kufa wiki ile. Haukufa, kwa sababu Watanzania waliendelea kupanda mlima kila siku, kumfuata sokwe aliyechaguliwa tangu alipoamka kwenye kiota chake mpaka alipolala, na kuandika. Waliandika kwa Kiswahili: saa ngapi, yuko wapi, yuko na nani, anakula nini, nani kafika, nani kaondoka. Kumbukumbu hizo zimeendelea kwa zaidi ya miaka 60, na utafiti wa Gombe ni miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote duniani juu ya wanyama wa porini.

Nataka tuone vizuri kilichotokea pale. Macho ya watu wale yalikuwa makali hata kabla hawajashika daftari. Pengine walikuwa wameona mambo mengi ambayo msomi asingeyaona. Lakini aliyeona bila kuandika hubaki na simulizi, na simulizi ya kibarua husikilizwa na wachache. Alipoweka saa, mahali na jina, simulizi yake iligeuka ushahidi ambao profesa wa ng'ambo alilazimika kuusoma. Kilichowavusha kutoka usaidizi hadi utafiti ni ukurasa ulioandikwa kila siku, siku ya tukio kubwa na siku ambayo sokwe alilala tu.

Tumeona faida ya kijitabu kwa ujuzi wako. Kipo pia kwa ajili ya heshima yako. Wazee wetu walisema, ahadi ni deni. Wakasema tena, mali bila daftari hupotea bila habari. Nao Waislamu wanaijua aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Kurani, inayoagiza deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Mafundisho haya tumezoea kuyahusisha na fedha. Mimi nayatia kazini pia. Ukimwambia mteja "nitakupigia kabla ya saa kumi," umekopa. Ukimwahidi mwenzako utamshikia zamu Jumamosi, umekopa. Mwenye duka anaandika kilo ya sukari iliyochukuliwa na jirani. Kwa nini wewe usiandike neno lako?

Ukianza kuandika ahadi zako, utaona jambo la pili likifuata lenyewe: utaahidi kwa uangalifu. Mkono unapoandika "Ijumaa, ripoti, mama wa mapokezi," jicho linaona kwamba Ijumaa hiyo hiyo tayari ina mambo manne. Hapo utasema kwa adabu, "Mama, Ijumaa sitaiweza, nipe Jumatatu." Mtu anayesema hivyo na Jumatatu akaja na ripoti mkononi ataaminiwa kazini kuliko yule anayeitikia kila kitu.

Kipo kwa ajili ya haki yako pia, na hapa nazungumza hasa na vibarua, walinzi, madereva na wafanyakazi wa viwandani. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa za kawaida: saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi hapo ni saa za ziada, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Lakini utadai vipi saa ambazo hukuziandika? Mwisho wa mwezi nyapara ana karatasi yake, na wewe una kichwa chako kilichochoka. Andika kila siku mstari mmoja: tarehe, saa niliyoingia, saa niliyotoka, nani alikuwa msimamizi. Ukienda ofisini na mistari ya mwezi mzima, iliyoandikwa siku kwa siku, utazungumza kwa utulivu, bila kupaza sauti. Mara nyingi jambo litaisha mezani pale pale, kwa kuwa nyapara naye ataona alipokosea kuhesabu.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kazini, inaonekana kitandani. Wengi wetu tunarudi nyumbani na kazi kichwani. Mke anazungumza, watoto wanaonyesha madaftari yao, na wewe unawaza kesho. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusu vijana 57. Kabla ya kulala, kundi moja liliandika kwa dakika tano mambo waliyopaswa kuyafanya siku zinazofuata, na kundi la pili likaandika mambo waliyokwisha kuyakamilisha. Wale walioandika ya mbele walipata usingizi mapema kuliko wenzao, tofauti ya kama dakika tisa. Ni jaribio dogo, lakini linakubaliana na yale ambayo kila mwenye desturi hii anayajua: jambo likishawekwa kwenye karatasi, moyo unaacha kulizungukazunguka. Kwa hiyo kabla hujatoka ofisini, au ukiwa kwenye kiti cha daladala, andika ya kesho. Fika nyumbani ukiwa wa nyumbani.

Najua yupo msikilizaji anayesema, "Simu yangu ina sehemu ya kuandika. Kijitabu cha nini tena?" Ni swali la haki. Simu ina nguvu zake. Inapiga picha ya spea iliyovunjika, inakukumbusha kwa mlio, inatunza namba za watu. Itumie kwa hayo. Lakini fikiria uko mbele ya mzee aliyekuja ofisini kwako na shida yake. Ukitoa simu na kuanza kubonyeza, yeye ataona umemwacha. Ukitoa kijitabu, ataona maneno yake yameshikwa, na atazungumza kwa mpangilio zaidi. Tena simu ukiifungua kuandika jambo la kazi, unakutana na ujumbe kumi wa makundi, na lile jambo la kazi linapotea mlangoni. Na ziko kazi ambazo simu hairuhusiwi kuingia, au mikono ina oili, saruji au unga. Penseli haiishiwi chaji.

Sasa tuseme namna ya kukitumia, maana wengi hununua, wakaandika siku tatu, wakaacha. Wanaacha kwa sababu wanataka kuandika vizuri. Usitafute uzuri. Andika kwa mkato, maneno matano yanatosha, mradi wewe mwenyewe utaelewa. Charles Darwin, katika safari ya meli ya Beagle kati ya 1831 na 1836, alibeba vijitabu vidogo nchi kavu akidokoa maneno machache, mara nyingi kwa penseli, kisha akitulia ndipo alipoyapanua kwenye maandishi marefu. Fanya hivyo nawe: dokoa mchana, na lile linalostahili lipanue jioni.

Kila ukurasa uanze na tarehe. Ukurasa usio na tarehe baada ya miezi sita hauna thamani. Ahadi zako ziwekee alama moja, labda kiduara, na ukiitimiza ahadi kijaze. Mambo uliyojifunza yapeleke kurasa za mwisho, kama yule fundi, ili yasichanganyike na ya kila siku. Ijumaa jioni tenga dakika kumi upitie wiki nzima: kiduara kipi kiko wazi, nani nimemwahidi na sijamrudia, ni tatizo gani limejirudia mara tatu bila mimi kugundua. Hili la mwisho usilipuuze. Mashine inayokwama kila Jumatatu, mteja anayelalamika kila mwisho wa mwezi, vitu kama hivyo havionekani ukiviishi siku moja moja. Vinaonekana kurasa zikiwekwa pamoja.

Kuna mambo usiyapeleke humo. Usiandike namba ya siri ya benki wala ya M-Pesa. Wewe nesi, usiandike jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye kitu kinachoweza kuanguka kwenye daladala; habari zake zina faili lake hospitalini. Wewe wa ofisi, kijitabu chako hakichukui nafasi ya rejista rasmi. Na usikifanye daftari la kusengenya wenzako. Andika yaliyotendeka, na siku kikiokotwa na mtu, usiwe na neno la kukuaibisha. Kikijaa, andika juu ya jalada mwezi kilipoanza na mwezi kilipoisha, ukitunze na vyenzake.

Ipo siku utavihitaji. Utakwenda kuomba kazi nyingine, au kupandishwa cheo, na utaulizwa, "Umefanya nini?" Wengi hujibu kwamba wao ni wachapakazi na wanajituma, maneno ambayo kila mwombaji anayasema. Wewe utakuwa umepitia vijitabu vyako usiku uliotangulia. Utasema: tatizo lilikuwa hili, nililiona mwezi fulani, nilijaribu hivi likashindikana, nikafanya vile likaisha. Au ataletwa kijana mgeni kazini, uambiwe umfundishe, nawe badala ya kumwambia "utazoea," utamfungulia kurasa zile za mwisho. Utamuokolea miaka, naye atakutaja popote atakapokwenda.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, usiahirishe hadi mwaka mpya wala mwanzo wa mwezi. Kesho ukipita dukani nunua kimoja, cha bei ndogo, chenye jalada linalovumilia jasho. Andika jina lako na namba ya simu ndani ya jalada, kikipotea kirudi. Andika tarehe. Kisha andika agizo la kwanza utakalopewa, neno la kwanza utakaloahidi, na jambo moja uliloliona likakushangaza. Ukifanya hivyo hadi Ijumaa utakuwa na wiki moja ya kazi iliyo mali yako.